Ziara za mtandaoni za majengo ya kihistoria: zipi zinafungua mlango kweli

Ziara ya mtandaoni ya jengo la kihistoria naipima kwa jambo moja: mlango inaoufungua. Ikinizungusha ukumbini na bustanini tu, ambako mtu yeyote huingia siku yoyote, siimalizi, picha ziwe kali namna gani. Ikinipandisha darini, ikinishusha chini ya sakafu, ikinionyesha nyuma ya ukuta unaofunguka au chumba ambacho wenyewe hawaruhusu mguu wa mgeni, hapo natulia, na nikifika mwisho naanza tena. Nimetazama nyingi, za bure kwa sehemu kubwa, kwa simu na kwa kompyuta, za mubashara na za kubofya mwenyewe. Zinatofautiana mno, na tofauti hiyo ndiyo nataka kuieleza kwa mtu anayefikiria kuanza.

Kipimo hicho kina mizizi katika siku za milango wazi zenyewe. Mwaka 1984 Jack Lang, waziri wa utamaduni wa Ufaransa, alianzisha siku ya kufungua majengo ya kihistoria kwa umma, na mwaka 1991 Baraza la Ulaya likaifanya shughuli ya bara zima. London ikaanza Open House yake mwaka 1992 chini ya Victoria Thornton, ikijikita katika usanifu wa majengo: makasri na makanisa yamo, lakini zimo pia nyumba za kuishi, ofisi, shule na majengo ya mitambo. Miji mingine ikaiga, Chicago ikiwa na yake tangu 2011. Watu hupanga foleni ndefu siku hizo kwa sababu ni nafasi chache ambapo mwenye nyumba anasema karibu. Nambari 10 Downing Street, makao ya waziri mkuu wa Uingereza, imewahi kuwamo katika orodha ya London, na aliyetaka kuiona ilimbidi aombe na kusubiri kura imwangukie. Mtandaoni nimepanda ngazi za nyumba hiyo, zile zenye picha za mawaziri wakuu waliotangulia ukutani, bila kumsubiri mtu.

Mwaka 2020, korona ilipofunga kila kitu, waandaaji walihamia mtandaoni kwa lazima. Mwezi Novemba mwaka huo miji yenye Open House iliungana kufanya tamasha moja la saa 48, ziara moja ikipokea nyingine kutoka pembe mbalimbali za dunia. Nyingi za ziara nzuri ninazozipenda zilizaliwa katika kipindi hicho cha dharura, na nashukuru kwamba baadhi ya waandaaji hawakuziacha milango ilipofunguliwa tena.

Za mubashara naziweka juu ya zote. Mwenyeji anashika simu au kamera ndogo, anatembea, na sisi tunaandika maswali pembeni. Picha hutikisika, mwanga hubadilika ghafla akipita dirishani, na hayo yote sijali. Katika nyumba moja ya zamani mgeni mwenzetu aliuliza kwa nini vidato vya ngazi vimelika upande wa kushoto tu. Mwenyeji alirudi nyuma, akainamisha kamera, akatuonyesha pete za chuma zilizobaki ukutani: palikuwa na kamba ya kujishikilia upande huo, na kila aliyepanda aliifuata. Hakuna kijitabu ambacho kingeniambia hilo, maana hakuna mwandishi ambaye angejua kwamba kuna mtu angetaka kulijua. Jengo linapokuwa na mtu anayelifahamu kama mkono wake, ziara inageuka mazungumzo, na mazungumzo hayahitaji kamera ya bei kubwa.

Sifa hiyo hiyo naipa kazi iliyoitwa #WrightVirtualVisits. Aprili 2020 majengo ya msanifu wa Marekani Frank Lloyd Wright, yakiwa yamefungwa kwa wageni, yalianza kubadilishana video fupi kila Alhamisi: jengo hili linaweka kwenye ukurasa wake ziara ya jengo lile. Ni video za kawaida, nyingine za mtu mmoja na simu yake. Lakini zinafanya jambo ambalo ziara za kubofya haziwezi, nalo ni kukuingiza kwa mwendo wa miguu. Chukua Unity Temple, jengo la ibada la zege lililokamilika mwaka 1908 huko Oak Park, jirani na Chicago. Wright hakukupeleka moja kwa moja ukumbini. Anakupitisha kwanza kwenye ushoroba wenye dari ya chini na mwanga hafifu, unakunja kona, unapanda vidato vichache, ndipo unatokea kwenye ukumbi mrefu kwenda juu, unaomwagiwa nuru kutoka kwenye vioo vya rangi ya kaharabu darini. Alichobuni ni huko kubanwa na kuachiliwa. Ukibofya duara moja la sakafuni hadi jingine, unaruka ushoroba wote kwa sekunde moja na kujikuta umetua katikati ya ukumbi, na maana ya kona zile imepotea. Video inayotembea, hata iwe na ubora wa chini, inakuacha ungoje kidogo gizani kwanza.

Na sauti! Fallingwater, nyumba aliyoijenga Wright kuanzia 1936 juu ya kijito cha Bear Run huko Pennsylvania, imekaa juu ya maporomoko yenyewe. Ukiwa sebuleni maporomoko huyaoni, unayasikia. Mwamba wa mlimani umeachwa utokeze sakafuni mbele ya meko, na kuna ngazi inayoshuka kutoka sebuleni hadi majini. Picha za pande zote zisizo na sauti hukuonyesha mwamba na ngazi, lakini bila mngurumo wa maji huelewi kwa nini mtu alijenga pale badala ya upande wa pili, ambako maporomoko yanaonekana vizuri. Kwa hiyo kabla sijasifu ziara yoyote ya jengo kama hilo, huvaa visikizi na kuuliza: nasikia nini?

Sasa nije kwa ile ninayoirudia kuliko zote: nyumba ya Sir John Soane, London. Soane ndiye msanifu aliyeshughulikia majengo ya Bank of England kwa miongo mingi. Kwa fedha zake alinunua nyumba tatu zilizopangana katika Lincoln's Inn Fields, akazibomoa na kuzijenga upya kwa zamu, akazijaza vipande vya mawe, sanamu, vitabu, michoro na vioo. Mwaka 1833 alipata sheria ya Bunge inayotaka nyumba itunzwe karibu kabisa na alivyoiacha, na alifariki mwaka 1837. Tangu hapo imebaki hivyo. Njia ni nyembamba na kila pembe ina kitu kinachoweza kuvunjika, kwa hiyo hata anayefika mwenyewe hutembea amebana mikono ubavuni.

Jumba hilo lilipimwa kwa leza na kuwekwa mtandaoni kwa jina Explore Soane. Hakuna chumba kilichonipa furaha kama chumba cha vielelezo, kilicho ghorofani katika sehemu aliyoishi Soane mwenyewe, ambako wageni hupelekwa kwa ziara ya kuongozwa tu. Kimejaa majengo madogo ya kizibo na plasta: mahekalu ya kale, baadhi yakiwa magofu, baadhi yakiwa kamili kama yanavyodhaniwa yalikuwa. Kwenye skrini unaweza kukizunguka kila kielelezo, ukakikaribia hadi uone nyufa.

Halafu kuna jeneza la jiwe la Farao Seti wa Kwanza. Giovanni Belzoni, Mwitaliano aliyechimbua makaburi ya Misri, alilikuta kaburini mwaka 1817, British Museum ikakataa kulilipia, na Soane akalinunua mwaka 1824 kwa pauni 2,000. Limechongwa kutoka jiwe moja jeupe linalopenyesha mwanga, na maandishi yamelifunika ndani na nje. Katika chumba chake cha chini limewekwa chini ya kioo, na mgeni analitazama kwa kuinama. Mtandaoni nililigeuza, nikaingia ndani, nikamwona Nuti, mungu wa kike wa anga, aliyechorwa kwenye sakafu ya jeneza pale mgongo wa mfalme ulipolala. Nikakaa naye muda mrefu. Macho yangu yasingepata nafasi hiyo kwa kusimama pembeni ya kioo huku watu nyuma wakingoja zamu. Hapa ziara ya mtandaoni haijajaribu kuwa nakala ya kufika; imefanya kazi yake yenyewe.

Kilichonikosesha raha katika nyumba hiyo hiyo ni chumba cha picha. Ni chumba kidogo, lakini kina picha zaidi ya 100, kwa kuwa kuta zake ni mbao zenye bawaba: mlinzi anazivuta kama kurasa, nyuma ya picha zinatokea picha nyingine, na ukuta wa mwisho ukifunguka unajikuta unachungulia chini kwenye chumba kingine. Picha tuli ya chumba hicho haina maana. Huo ni ukuta wa kumtazama mtu akiufungua, basi, na kwa chumba hicho tafuta video.

Kuna nyumba ambazo ziara ya mtandaoni inakuonyesha kisichokuwepo kwa makusudi. Nyumba ya Anne Frank, msichana wa Kiyahudi aliyeandika shajara, huko Amsterdam, ilikuwa maficho ya watu wanane waliowakimbia Wanazi kuanzia mwaka 1942 hadi walipokamatwa tarehe 4 Agosti 1944, na samani zikabebwa. Otto Frank, baba yake, ndiye peke yake aliyenusurika kati ya wanane wale, na alitaka vyumba vibaki vitupu. Anayefika leo anakuta utupu huo. Mtandaoni vyumba vimepangwa upya: vitanda, meza, sufuria, mapazia ya kuziba madirisha. Nilisita kabla ya kuingia, nikihofia kwamba samani zingefunika uzito wa mahali. Nilipoona jinsi kitanda cha mtoto mmoja kinavyokaribia kugusa cha mtu mzima asiye ndugu yake, nilielewa msongamano ule kwa mwili. Lakini sipendi mtu atazame toleo hilo akadhani ameiona nyumba. Utupu ni uamuzi wa baba, nao ni sehemu ya jengo kama kabati la vitabu lililoficha mlango. Ukitazama ziara yenye samani, tazama pia picha za vyumba vilivyo sasa.

Kilwa Kisiwani ndiyo iliyonigusa zaidi, na nitaieleza kwa kirefu kidogo, kwa sababu huku mlango unaofunguliwa ni wa wakati. Magofu ya Kilwa yaliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981 pamoja na Songo Mnara, yakawekwa kwenye orodha ya yaliyo hatarini mwaka 2004, yakaondolewa humo mwaka 2014. Yamepimwa na Zamani Project ya Chuo Kikuu cha Cape Town, ambayo imepita Afrika nzima ikipima kwa leza majengo kama makanisa ya Lalibela na Great Zimbabwe. Mwaka 2020 Kilwa ikawa pia miongoni mwa sehemu tano za mradi wa Heritage on the Edge, ulioandaliwa na Google Arts & Culture pamoja na CyArk, shirika linalopima urithi kwa leza, na ICOMOS, baraza la kimataifa la majengo na maeneo ya kihistoria, kuonyesha jinsi mabadiliko ya tabianchi yanavyokula urithi.

Ndani ya Msikiti Mkuu unaona kwa macho yako kwamba majengo mawili yameungana. Upande wa kaskazini ni wa zamani zaidi, mdogo, na paa lake limekwenda. Upande wa kusini ni upanuzi wa karne ya 14: nguzo za matumbawe na chokaa zimepangwa safu kwa safu, na juu yake matao na kuba zinapokezana. Kwa kuwa mfano ni wa pande tatu (3D), unaweza kuuinua ukautazama kutoka juu, ukahesabu kuba, ukaona zilizobomoka na zilizosimama, jambo ambalo aliyesimama kati ya nguzo hawezi. Kisha kuna Husuni Kubwa, kasri lililo juu ya jabali la pwani, lenye vyumba zaidi ya 100 na bwawa la pembe nane. Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 na kuusifu mji kwa uzuri. Magofu ya Husuni ukiyatembea kwa miguu ni kuta fupi na majani. Ukiyatazama kutoka juu mpangilio wote unajitokeza, ua baada ya ua, hadi ukingo wa bahari. Na Gereza, ngome iliyo karibu kabisa na maji, inaonyeshwa pamoja na jinsi mawimbi yanavyochimba kingo zake na jinsi wenyeji wanavyopanda mikoko kuyazuia. Hapo nilisahau teknolojia kabisa, nikabaki kuwaza ukuta.

Kuhusu teknolojia yenyewe sitakaa sana. Ziara nyingi za kubofya hutengenezwa kwa kamera iliyo juu ya mguu wa vyuma, inayosogezwa hatua chache kwa wakati na kupiga picha za pande zote pamoja na kupima umbali. Zile duara unazoziona sakafuni ni mahali kamera iliposimama. Ndiyo maana kuna pembe huwezi kufika: hakuna aliyesimama hapo. Upimaji wa leza ni mwingine. Chombo hurusha mwali, kikapima unavyorudi, na kutoka hapo hupatikana mamilioni ya vidoa vyenye vipimo halisi. Ben Kacyra, mhandisi mzaliwa wa Mosul aliyeshiriki kutengeneza chombo cha aina hiyo cha kubebeka, alianzisha CyArk mwaka 2003 baada ya sanamu za Buddha za Bamiyan, Afghanistan, kulipuliwa mwaka 2001. Na mwanahistoria wa sanaa Andrew Tallon alilipima kanisa la Notre-Dame, Paris, akakusanya vidoa zaidi ya bilioni moja. Alifariki Novemba 2018. Moto uliteketeza paa tarehe 15 Aprili 2019, na vipimo vyake vikawa miongoni mwa kumbukumbu zilizobaki kuonyesha jengo lilivyokuwa kabla ya moto. Kanisa lilifunguliwa tena Desemba 2024. Tangu nilipojua hilo siwezi kuita kazi hii mchezo wa kompyuta.

Sasa malalamiko. La kwanza ni ukubwa wa vitu. Lenzi pana hufanya chumba kidogo kionekane ukumbi, na ziara nyingi hazina mtu hata mmoja ndani wa kukupa kadirio. Jengo la Monadnock huko Chicago, ambalo nusu yake ya kaskazini ilikamilika mwaka 1891, lina ghorofa 16 zinazobebwa na kuta za matofali zenyewe, na chini kuta hizo zina unene wa karibu mita 1.8. Huo unene ndio habari ya jengo, nao hauonekani kwenye picha iliyopigwa kutoka barabarani. Inatosha mwenyeji asimame ndani ya upenyo wa dirisha, na kila kitu kinaeleweka. Pasipo na mtu, natafuta kitasa cha mlango au kiti na kukadiria kutoka hapo. Baadhi ya ziara zina kitufe cha kupimia, kitumie.

La pili ni muziki. Nimefungua ziara ya jumba moja zuri sana nikapokelewa na kinanda kisichozimika, kamera inayojizungusha yenyewe, na maandishi ya kusifu mahali badala ya kueleza. Nani alijenga? Kwa mawe ya wapi? Kwa nini dari imeinama upande mmoja? Kimya. Hakukuwa hata na ramani ya vyumba, na baada ya kupanda ngazi mara kadhaa sikujua tena niko orofa ipi. Jumba kama lile linastahili watu wanaolipenda zaidi ya hapo.

La tatu linaniuma zaidi: ziara za mubashara ambazo hazirekodiwi, au zinarekodiwa na kuondolewa baadaye. Maarifa ya yule mwenyeji wa ngazi zilizolika yakipotea na kiungo kilichokufa, ni hasara ya kweli. Naomba waandaaji waziache, na waziwekee manukuu. Nyingi zinaongozwa kwa Kiingereza, na manukuu yanayojitengeneza yenyewe hukosea hasa pale penye majina ya sehemu za jengo, ambapo ndipo msikilizaji anahitaji msaada.

Kwa upande wa vifaa, simu inatosha kwa ziara za mubashara. Kwa mifano ya leza tumia kompyuta ukiweza, maana faili ni nzito na simu hupata joto na kukwama. Mtandao ukiwa dhaifu, ngoja picha ishuke yote kabla ya kusogea, vinginevyo utatembea ndani ya ukungu na kulaumu jengo. Miwani ya uhalisia pepe nimeijaribu. Inasaidia kuhisi kimo cha dari, ila inanichosha macho haraka na hainiruhusu kuandika maswali.

Napendekeza ziara hizi bila kusita kwa wanafunzi wa usanifu na historia, na zaidi kwa watu ambao ngazi haziwaruhusu. Majengo ya kale yana vidato kila mahali na aghalabu hayana lifti. Kwa mtu anayetumia kiti cha magurudumu, kile chumba cha vielelezo kilicho ghorofani, na lile jeneza chini, vyote viwili sasa viko usawa mmoja.

Ukiwa na jioni moja tu, anza na jeneza la Seti, uingie ndani hadi sakafuni. Kisha nenda Kilwa, uinue Msikiti Mkuu na kuutazama kutoka juu, halafu urudi kusimama kati ya nguzo. Baada ya hapo tafuta ziara ya mubashara ya jengo lolote, hata dogo, na ingia ukiwa na swali moja mahususi kuhusu kitu utakachokiona: bawaba, kidato, tundu lililozibwa ukutani. Liandike mapema, kwa sababu mwenyeji akishapita chumba ni vigumu kurudi.